Mkulima Anapokwenda Dukani

 

Mara nyingi tukikutana hapa huwa tunazungumza juu ya kuuza: bei ya mahindi, bei ya viazi, mizani, lumbesa na madalali. Leo nataka tuitazame safari hiyohiyo wakati wa kurudi. Umekwisha kuuza, fedha iko mfukoni, sasa unaingia dukani. Unanunua nini, na unakichaguaje?

Nawaelekezea mazungumzo haya hasa wenzetu wa Liganga, Mundindi na vijiji vya jirani katika wilaya ya Ludewa. Wao wakitaka ununuzi wa maana hupanda gari mpaka Njombe, na wengine husogea hata Makambako, pale reli ya TAZARA inapokutana na barabara kuu na bidhaa za kila aina hushushwa. Lakini wewe uliye Mbozi au Lushoto usizime redio, maana duka ni duka.

Mwaka 2023 Serikali ilianza kuwalipa fidia wananchi waliopisha mradi wa chuma cha Liganga na ule wa makaa ya mawe wa Mchuchuma. Wapo pia ambao hawakupata fidia lakini wamewahi kupata mavuno mazuri na bei nzuri katika mwaka mmoja. Kila aliyewahi kushika fedha ya namna hiyo, hebu leo azunguke nyumba yake na kuhesabu. Ni vitu gani alivyonunua vingali vinafanya kazi? Na ni vingapi vimekwisha kuwa taka nyuma ya jiko?

Nasema nyuma ya jiko kwa makusudi. Mtu wa mjini akinunua kitu kibovu kikavunjika, hukitia katika pipa, na gari la taka huja kukichukua, ingawa hata huko mjini halipiti kila mtaa. Sisi vijijini hatuna gari la taka. Kila kinachopakiwa juu ya basi pale stendi ya Njombe kikapandishwa mpaka Liganga, basi kitabaki Liganga. Kikiliwa, vizuri. Kikifanya kazi miaka kumi, vizuri zaidi. Lakini kikivunjika baada ya mwezi mmoja, mabaki yake yatakaa shimoni, au shambani, au bondeni ambako mvua za masika zitayasukuma hadi kwenye kijito tunachochota maji. Kwa hiyo mkulima anapochagua kitu dukani anachagua mambo mawili kwa pamoja: fedha yake itakwenda wapi, na ardhi yake itapokea nini.

Tuanze na jembe, maana bila hilo hatuna mazungumzo.

Dukani utakuta majembe ya namna nyingi yamepangwa ukutani, yote yamepakwa rangi nzuri. Rangi isikudanganye. Jembe lishike mkononi upime uzito wake. Tazama mahali mpini unapoingia: je, tundu limefuliwa pamoja na bamba likawa kitu kimoja, au limeungwa kwa kuchomelea? Kama limeungwa, kagua ule mshono kwa ukucha. Mshono wenye vitundu vitundu hautavumilia mizizi ya shamba jipya. Kisha ligonge kwa kipande cha chuma usikilize. Jembe zima hulia. Bati jembamba au bamba lenye ufa hutoa mlio wa debe. Tazama kama lina alama ya ubora ya TBS, na usiondoke bila risiti. Mwenye duka akikasirika kwa kuwa unagonga gonga bidhaa zake, mwambie utakwenda kugonga za jirani yake.

Utasikia mtu anasema, “Mimi fedha yangu ni ndogo, nipe lile la bei nafuu.” Haya, tupige hesabu. Nitachukua tarakimu za mfano tu, maana bei hubadilika kila siku. Tuseme jembe jepesi ni shilingi 7,000 na jembe zito ni shilingi 14,000. Lile jepesi limekwisha msimu mmoja. Lile zito limekwenda misimu minne. Baada ya misimu minne, aliyenunua la bei nafuu amekwisha kutoa shilingi 28,000, na nyuma ya jiko lake kuna vipande vinne vya bati visivyofaa hata kwa mhunzi. Mwenzake ametoa 14,000, na jembe lake likichakaa bado ni chuma. Na hapo hatujahesabu nauli, wala ile siku ya kupalilia iliyopotea kwa sababu jembe limekatika saa mbili asubuhi.

Hili la mhunzi naomba nilikalie kidogo, maana hatuzungumzi na watu wageni wa chuma. Wazee wa Upangwa walikuwa wanayeyusha chuma wenyewe, kwa mawe ya nchi yao, kwa mkaa wa miti yao na mivukuto ya mikono yao. Kazi hiyo ilikufa majembe ya viwandani yalipoenea, lakini watafiti waliofika Ludewa miaka ya mwisho ya karne iliyopita bado waliwakuta wazee walioweza kueleza na kuonyesha jinsi tanuri lilivyojengwa. Mtu aliyeona jinsi kipande kimoja cha chuma kilivyogharimu jasho na mkaa hawezi kukitupa. Jembe likiisha makali hufuliwa upya. Likibaki dogo sana hugeuzwa kisu. Milima ya Liganga yenyewe bado imelala na chuma chake, pamoja na madini ya titani na vanadi yaliyochanganyika humo. Shirika la Maendeleo la Taifa, NDC, lilitia saini mkataba na kampuni ya Sichuan Hongda ya China mwaka 2011, na miaka mingi ikapita baada ya hapo bila tanuri kuwashwa. Hayo tuwaachie wanaohusika. Ninalosema mimi ni kwamba mtu anayelima juu ya mlima wa chuma asikubali kuuziwa jembe la bati.

Kama kijijini kwenu yuko mfua vyuma, mpelekeni kazi. Kama yuko kijana anayetengeneza baiskeli, redio au pampu za kupulizia dawa, mwulize kabla hujakwenda mjini: pampu ya aina gani ina vipuri? Kitu kisicho na vipuri, hata kiwe kizuri namna gani, siku mpira wake mdogo utakapochanika umekipoteza chote. Swali hilo moja lingetuokolea mapampu mengi ninayoyaona yamegeuzwa viota vya kuku.

Sasa mfuko wa kubebea. Tangu tarehe 1 Juni 2019 mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa imepigwa marufuku Tanzania Bara, na wenzetu wa Kenya walitangulia Agosti 2017. Wengi tulilalamika siku zile, lakini mfugaji hakulalamika, maana yeye amepasua matumbo ya ng'ombe waliokufa na kuona kilichomo. Siku hizi ujanja umerudi kwa njia nyingine: vile vifuko vyembamba vinavyoonekana ndani, ambavyo ni vya kufungashia bidhaa tu, watu huvigeuza kuwa mifuko ya kubebea nyanya na dagaa. Vile havikuruhusiwa kwa kazi hiyo, na ukivitupa vinafanya madhara yaleyale. Vikilimiwa udongoni huzuia maji na mizizi. Vikichomwa, moshi wake humwingia mama aliye jikoni.

Jibu lake tunalo. Njombe ni nchi ya mianzi. Tenga la mianzi linabeba kuliko mfuko wowote, na likichoka unalitia jikoni likawa kuni. Jirani zetu wa Iringa wanasuka vikapu vya milulu ambavyo watalii hununua kwa bei kubwa, nasi tunaona aibu kuingia navyo dukani! Pia tuna ule mfuko wa mbolea tunaouita salfeti. Uoshe vizuri, ubebee mkaa, mboji au majani ya ng'ombe; unga na nafaka ya kula usitie humo. Na fundi cherehani yeyote atakushonea mfuko wa kitambaa kutokana na khanga iliyochakaa.

Kwenye taa nitapita haraka. Kibatari kinakula fedha kidogo kidogo kila juma, na moshi wake watoto wanauvuta wakisoma. Tochi ya mawe nayo inakula mawe. Taa ndogo ya jua ni ghali siku ya kwanza, lakini ukinunua yenye hati ya dhamana, kutoka kwa duka ambalo litakuwapo hata mwakani, hesabu yake ni kama ile ya jembe zito. Jihadhari na taa zinazouzwa barabarani na mtu ambaye kesho hutamwona.

Mawe ya tochi yaliyokwisha msiwape watoto wayapasue. Najua ule unga mweusi ulitumika sana kupaka mbao za shule, hata baadhi ya walimu wananisikia sasa na kutabasamu. Lakini mkono uliopaka ubao ndio unaokwenda kushika kiporo. Na wale wenye betri kubwa za sola, zile za maji: ndani yake mna risasi na tindikali. Ikifa usiimwage wala usiifungue. Unaponunua mpya, patana na mwenye duka tangu mwanzo kwamba atapokea ile ya zamani na kukupunguzia bei. Betri kuukuu ina thamani kwa wafanyabiashara, kwa hiyo usiitoe bure.

Sasa naomba usikivu wenu wote. Kama kuna mama anaita watoto, ngojeni kidogo. Nataka kusema juu ya dawa za shambani.

Mkulima wa viazi huku kwetu kwenye baridi na ukungu hawezi kukwepa kabisa kununua dawa. Mvua zikikaza, bakajani hushuka shambani kama moto. Kwa hiyo sisemi usinunue. Nasema tazama unanunuaje. Kwanza, usinunue kamwe dawa ya kupimiwa katika chupa ya soda. Hata kama aliyekupimia ni ndugu yako wa kuzaliwa, hujui ni dawa gani, ya mwaka gani, wala imechanganywa na nini. Na chupa ile itakwenda nyumbani ikiwa na sura ya soda. Mtoto wa miaka minne hajui kusoma, lakini chupa ya soda anaijua vizuri. Nimeingia nyumba moja nikakuta chupa ya namna hiyo imewekwa dirishani kando ya chupa ya mafuta ya kula. Nilipouliza, mama mwenye nyumba akasema, “Sisi wakubwa tunazijua.” Nikamwuliza, na bibi asiyeona vizuri je? Akainuka akaiondoa papo hapo, akaenda kuitundika juu stoo na kufunga mlango.

Nunua dawa iliyo katika chombo chake, chenye lakiri, chenye maelezo ya Kiswahili, iliyosajiliwa na Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu, yaani TPHPA. Tazama ule mkanda wa rangi chini ya karatasi ya chombo. Nyekundu ni sumu kali kabisa. Njano inafuata, kisha buluu, kisha kijani. Ukiambiwa kwamba dawa mbili zinafanya kazi ileile, chukua yenye rangi ya chini. Na nunua kiasi cha shamba lako la msimu huu. Lita moja kwa shamba la robo ekari si akiba. Mwakani utakuwa na sumu ya zamani na hutaikumbuka nguvu yake.

Dawa ikiisha, chombo ndiyo taabu kubwa, kwa kuwa ni kizuri. Kina kifuniko, hakivuji, kinatamanisha kutiwa mafuta ya taa, maziwa, hata togwa. Ndugu zangu, chombo cha dawa hakioshiki. Plastiki yenyewe hunywa sumu. Fanya hivi: dawa ikimalizika kumiminwa kwenye pampu, tia maji safi chomboni, funga, tikisa, mimina ndani ya pampu hiyohiyo upulizie shambani. Rudia hivyo mara tatu. Hutapoteza hata tone ulilolipia. Kisha kitoboe kwa msumari chini na ubavuni palepale shambani, kisifae tena kwa kitu chochote. Usikichome, na usikitupe mtoni. Kiweke kwenye mfuko mmoja uliotengwa, mahali pa kufungwa, na mwulize bwana shamba wa kata ni wapi vyombo hivyo vinakusanywa. Asipokuwa na jibu, mwulizeni tena katika mkutano wa kijiji mbele ya watu. Mwenzangu anayenisikiliza asinichukie, ndiyo kazi yetu.

Baada ya kusema yote hayo juu ya plastiki, nitawashangaza kwa kusifu plastiki moja. Ni ile mifuko ya kuhifadhia nafaka isiyopitisha hewa, ambayo wengine wanaiita kinga njaa. Ina tabaka mbili za nailoni nzito ndani ya mfuko wa nje wa kawaida. Ukitia mahindi makavu, ukatoa hewa yote na kufunga kila tabaka peke yake, wadudu waliomo huimaliza hewa na kufa. Hata dumuzi, yule tuliyempa jina la Scania, huko ndani hana maisha, ingawa anaweza kutoboa akiwa bado na nguvu. Ndiyo maana tunasema mahindi yawe makavu, masafi, na mfuko ujazwe barabara. Faida yake ni kwamba hununui dawa ya kuchanganya na chakula cha watoto. Mfuko ukitunzwa na panya wasiukaribie hutumika zaidi ya msimu mmoja. Kabla ya kuutumia tena upulize hewa uone kama umetoboka. Basi mnaona, sina ugomvi na jina la kitu. Nauliza tu kitanifanyia kazi gani, kwa muda gani, na nikimalizana nacho kitalala wapi.

Vitu vidogo vya nyumbani nanyi mnavijua kuliko mimi. Sabuni ya mche hukatwa vipande, ikaachwa ikauke, ikadumu. Ile ya vipakiti inaacha vipakiti. Mafuta ya alizeti ya kupima, ukienda na dumu lako lililooshwa, yanakuachia dumu lilelile. Chai ya majani, na Njombe tunalima chai nzuri, inatosha birika zima kwa kijiko kimoja, bila vile vifuko vyenye uzi. Maji ya kunywa yaliyochemshwa yakikaa katika chungu cha Wakisi wa pwani ya Ziwa Nyasa yanapoa vizuri, na chungu kikivunjika ni udongo umerudi kwenye udongo.

Mkaa unahitaji neno moja. Anayenunua mkaa amwulize muuzaji, ni wa mti gani? Nchi yetu ina miwati mingi. Kampuni ya wati ilianza kuipanda Njombe mwaka 1949, na siku hizi wakulima wengi wana vishamba vyao. Mkaa wa mwati unawaka vizuri, na mti wake ulipandwa na utapandwa tena. Mkaa wa miti ya asili iliyokatwa kwenye chanzo cha maji unauzwa bei ileile, lakini tutaulipia kiangazi kijito kitakapokauka. Serikali ina mpango wa kuhamia nishati safi ya kupikia hadi mwaka 2034, na wenye uwezo wa mtungi wa gesi waanze. Sisi wengine, kwa sasa, tuchague mkaa.

Nasikia mkulima mmoja ananijibu: “Bwana shamba, hayo unayosema ni ya mwenye fedha. Mimi siku ya kununua nina shilingi 10,000 tu.” Hoja yake ni ya kweli na siwezi kuipuuza. Maskini hununua kidogo kidogo, na kidogo kidogo ndiyo ghali kuliko vyote. Njia ninayoijua ni kununua pamoja. Mmekwisha kuwa na vikundi vya kuweka na kukopa, na wengine mna vyama vya ushirika. Kaya kumi zikikubaliana mwezi Agosti, mahindi yakiwa yameuzwa, zikaandika mahitaji yao ya majembe, mbegu, mifuko ya kuhifadhia na sabuni, zikachagua watu wawili waaminifu, mmoja awe mwanamke, zikawapa fedha na orodha wakaenda Makambako, hapo mnapata bei ya jumla na nauli ya watu wawili badala ya kumi. Mwenye duka naye ataogopa kuwapa bidhaa mbovu, kwa sababu akiwapoteza ninyi amepoteza kumi.

Mbegu tu nawasihi msinunue gizani hata kama mko kumi. Tazameni lebo ya TOSCI juu ya pakiti, na mwakilishi wenu aikwangue na kuhakiki namba yake kwa simu palepale kaunta, kabla ya kulipa.

Muda wangu umekwisha. Juma lijalo, saa kama hii, tutaonyeshana jinsi ya kujua kama mahindi yamekauka kiasi cha kutiwa katika mifuko ile niliyoitaja, bila mashine yoyote. Kila mmoja awe na chupa moja ya kioo, kavu kabisa, isiyowahi kutiwa dawa, pamoja na konzi moja ya chumvi kavu na mahindi ya kujaza theluthi ya chupa. Mkae navyo karibu na redio.

Kwaherini.